Matembezi ya Asubuhi na Mbwa Kigoma: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mbwa anayesumbua njiani, mara nyingi usumbufu wake umeanzia nyumbani. Wengi wetu Kigoma tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana kutwa amefungiwa bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani, na alfajiri, saa ambayo mwili wake unataka kulala, anafungwa kamba na kupelekwa kando ya Ziwa Tanganyika. Akigoma, akivuta au akibwekea wapita njia, tunalaumu kile tulichokiona barabarani. Mimi naomba uanzie nyuma kidogo. Kabla hujatafuta dawa ya tatizo lolote kati ya haya, jiulize: jana usiku alilala? Alikula nini, na saa ngapi? Mara ya mwisho kuuona mtaa mchana ilikuwa lini? Maswali haya yatakuokolea muda na fedha, na yatamwokoa mbwa na vipigo asivyostahili.

Kuna na jambo la saa, ambalo ushauri ulioandikiwa miji mingine hauwezi kukupa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua hutufikia takriban dakika 40 baada ya kuwafikia wao. Juni na Julai huchomoza baada ya saa 1 asubuhi. Ukitoka saa 12 kamili miezi hiyo unatembea gizani, na mengi yanayoitwa ukali ni ya mbwa aliyeshtushwa na mtu aliyetokeza ghafla kwenye kona.

Anagoma kutoka getini

Unafungua geti, yeye anakaa. Unavuta, anang'ang'ania kwa miguu yote minne. Acha kuvuta, umtazame.

Mbwa aliyekesha hukaa chini lakini bado yuko nawe: ukimwita mkia unapiga, ukigusa bakuli masikio yanasimama. Huyu dawa yake ni usingizi. Siku unayotaka kutoka naye mapema, mrudishe bandani mapema usiku, au hamishia matembezi saa 11 jioni, jua likianza kulegea upande wa Kongo. Si lazima kila mbwa atembee asubuhi.

Mbwa mwenye hofu ana sura nyingine. Mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, na macho yanatafuta kitu upande fulani: bodaboda, jenereta la jirani, kundi la wanafunzi. Wengi wa hawa ni mbwa waliokulia bandani. Umri ambao mbwa huizoea dunia kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na mbwa aliyeupitisha umri huo nyuma ya mabati huona kila kitu cha mtaani kuwa adui. Ukimkokota unamthibitishia hofu yake. Fungua geti, kaa naye hapo hapo kizingitini, umpe kipande cha mgebuka, mtazame wapita njia kwa dakika chache, mrudi ndani. Kesho sogea hatua kadhaa. Kama una mtoto wa mbwa ambaye chanjo hazijakamilika, usimshushe chini mtaani, lakini mbebe mikononi aone na kusikia. Ukikaa karibu na stesheni, ambako Reli ya Kati imekomea tangu 1914, honi ya treni nayo ni ya kumzoesha kwa mbali kwanza.

Wa tatu ni mgonjwa, na huyu ndiye ninayekusihi usimpite haraka. Hataki chakula, ameinamisha kichwa, akisimama anayumba. Inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Ufizi wa mbwa mzima una rangi ya waridi, na ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, kisha rangi inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ufizi uliopauka kama karatasi, au wenye manjano, unaonyesha kwamba damu imepungua au inaharibiwa, na kwa mbwa wa huku washukiwa wa kwanza ni magonjwa ya kupe. Mengine yanayofuatana nayo ni homa, mkojo wa rangi ya kahawa, au damu kutoka puani. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, hupimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Usipime kwa kugusa pua. Magonjwa ya kupe ni zaidi ya moja na kila moja lina dawa yake, kwa hiyo kuchoma sindano ya kubahatisha kunaweza kukupotezea siku ambazo mbwa hana. Mwombe daktari wa mifugo achukue damu itazamwe kwa hadubini.

Na kupe wenyewe watafute kwa vidole kila mnaporudi: ndani ya masikio, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingoni. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maana ile ya ng'ombe ikikolea inamlevya mbwa.

Kama ulikuwa naye shamba, kwenye mapori ya miombo yenye mbung'o, na sasa amekonda, uso umevimba na jicho linafunga weupe, mwambie daktari ulikotoka naye. Mbwa huugua nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, vibaya sana, na jicho kupata ukungu ni alama yake mojawapo. Wengi hupewa dawa ya macho wakaishia hapo, na mbwa akafa.

Anavuta mpaka bega linauma

Sababu iliyo wazi ni nguvu zilizolimbikizwa. Mbwa aliyefungwa saa 12 za mchana hawezi kutoka getini kwa adabu. Mwachie akimbie uani kwa dakika kumi kabla ya kamba, umrushie kitu afuate, kisha ndipo umfunge.

Sababu ya pili ni kwamba kuvuta kunalipa. Anavuta, unamfuata, anafika anakotaka. Ondoa malipo hayo: kamba ikikazika, simama. Usiseme kitu, usipige. Ikilegea, endelea. Siku za mwanzo mtachukua muda mrefu kufika hata kwenye kona ya mtaa, na majirani watauliza kulikoni. Vumilia. Kinachoharibu zoezi hili ni watu wawili wa nyumba moja kuwa na sheria mbili, baba anasimama, kijana anakimbia naye.

Tazama pia ulichomfunga nacho. Kamba ya katani iliyofungwa fundo la kukaza shingoni humkaba, na mbwa anayekabwa huvuta zaidi ili ajinasue. Mkanda mpana wa shingoni, au ule unaozunguka kifua, ni bora. Kipimo chake ni vidole viwili: vipite kati ya mkanda na shingo bila kubanwa. Mnyororo mzito uache nyumbani.

Anapofika mwaloni haambiliki

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na kwingine. Njia nzuri za asubuhi karibu zote zinateremka ziwani, na ziwani kuna mialo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki: Kibirizi, Katonga, na ufukwe wa Ujiji. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa, wanarudi alfajiri, na ikifika saa 1 asubuhi samaki wanashushwa, wanapimwa, wanaanikwa kwenye mchanga, kwenye nyavu au juu ya chanja. Kwa pua ya mbwa hakuna mahali pengine pa maana katika mji huu.

Ukiona mbwa ameacha kukusikia kabisa, pua chini, mwili umekakamaa, usimwite mara kumi. Kila unapomwita bila kuitikiwa unamfundisha kwamba jina lake halina maana. Umemfikisha karibu mno kwa kiwango chake cha mafunzo. Rudi nyuma mpaka mahali ambapo akiitwa anageuza shingo, na hapo ndipo muanzie. Mlishe kidogo kabla ya kutoka, si shibe, kwa sababu mbwa mwenye njaa hawezi kufundishwa mbele ya dagaa.

Tumia pia mwezi. Wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, wengi hawaendi ziwani, na mwalo unatulia: harufu ipo lakini shughuli ni chache. Siku hizo ndizo za kufanyia mazoezi ya kupita bila kugusa. Nafasi nyingine hutokea uvuvi unapofungwa, kama mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Mbwa aliyezoea mwalo mtulivu atafaulu zaidi siku mitumbwi ikirudi imejaa.

Tatizo zito kuliko yote mwaloni ni mbwa kula au kukojolea dagaa walioanikwa. Dume hunyanyua mguu kwenye kila kilichoinuka, na nguzo za chanja zimeinuka. Yule mama mwenye dagaa amekesha akisubiri mtumbwi, amekopa, na mbele ya wanunuzi mbwa wako amemharibia. Atakuambia, "Mwanangu, huyu mbwa wako kakojolea mtaji wangu." Hapo hakuna cha kujitetea. "Shikamoo mama. Nisamehe sana, nionyeshe palipoguswa, nilipe." Ulipe palepale, kwa bei yake, na hao dagaa wasirudishwe kwenye biashara. Usiseme mbona ni kidogo. Mji wenye kinyongo na mbwa mmoja utawapiga mawe mbwa wote.

Kinga yake ni rahisi: mwache dume akojoe njiani, kwenye miti na vichaka vya kutosha, kabla hamjafika, na ukifika kwenye maanikio ifupishe kamba mpaka mbwa awe pembeni ya goti lako, upande usio na dagaa. Kwenye chanja zilizosongamana usipite kabisa.

Akila dagaa wawili watatu haitamdhuru. Kinachomdhuru ni wingi na mchanga. Dagaa wakavu wa mchangani humezwa na mchanga wake, na mchanga ukijaa tumboni mbwa hutapika, tumbo linakuwa gumu, anajikamua bila kupata choo. Akitapika mara moja na kuendelea kuchangamka, mpe maji kidogo kidogo na umpumzishe chakula kwa nusu siku. Akitapika mfululizo, au amepita siku nzima bila choo huku tumbo likiuma, nenda kwa daktari. Usimpe mawese ya kulainisha. Mafuta mengi kwa mkupuo humletea kuhara na kutapika zaidi, na akipaliwa yanaingia mapafuni.

Ndoana. Ufukwe wetu una ndoana zilizotupwa na nyuzi za nailoni zisizooza. Mbwa akianza kujifuta mdomo kwa mguu, kutoa udenda ghafla, au kukohoa kama ana kitu kooni, mfungue mdomo utazame. Ndoana ya mdomoni au mguuni haivutwi nyuma, kwa sababu ya mwiba wake. Husukumwa mbele mpaka ncha itokeze, mwiba unakatwa kwa koleo, ndipo shina linarudishwa. Mtu wa pili amshike kichwa, na mdomo ufungwe kwa kitambaa kama ndoana iko mguuni, kwa sababu mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Lakini ukiona uzi unaning'inia kutoka kooni au njia ya haja kubwa, usiuvute hata kidogo. Uzi uliokwama ndani ukivutwa hukata utumbo. Kata uliobaki nje usije ukanasa, mpeleke kwa daktari kama ulivyo.

Anabwekea watu wa alfajiri

Ujiji na mitaa mingi ya Kigoma ni ya Waislamu, na saa ambayo wengi wetu tunatoka na mbwa ndiyo saa ya watu kwenda na kutoka msikitini. Mtu mwenye kanzu nyeupe, anatembea kimya, gizani: kwa mbwa wa ulinzi huyo ni mgeni wa kubwekewa. Na kwa huyo mtu mambo ni mazito zaidi ya kelele. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi pwani na huku bara wanaifuata, yanahesabu mate ya mbwa na mguso wenye unyevu kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wako aliyelowa umande akijipangusa kwenye kanzu, umemkosesha mwenzako sala ya jamaa. Hilo si suala la yeye kuogopa mbwa.

Kwa hiyo badilisha saa au njia. Subiri kupambazuke. Ukilazimika kutoka mapema, usipite mbele ya msikiti, vuka upande wa pili mapema kabla mtu hajalazimika kuvuka yeye, msimamishe mbwa akiwa amekaa, toa salamu kwanza. Sauti yako ikiwa ya kawaida mbwa naye hupata habari kwamba huyu si adui. Ukinyamaza na kukaza kamba, umemwambia kinyume. Tochi ndogo husaidia, kwa kuwa watu wanawaona mapema na hawatokezi ghafla.

Kama anabweka hata mchana kweupe kwa kila mtu, rudi bandani. Mbwa anayeona watu kupitia tundu la geti tu, na akibweka wanaondoka, amefundishwa kila siku kwamba kubweka kunafukuza watu.

Watoto wanakimbia, yeye anafukuza

Watoto wetu wengi wamelelewa kumwogopa mbwa au kumpiga mawe. Mbwa aliyewahi kupigwa jiwe humtambua mtoto anayeinama hata kama anaokota embe. Dalili ni kwamba anasimamisha manyoya ya mgongoni kabla mtoto hajafanya lolote.

Usimwachie kamba karibu na shule, na saa 1 asubuhi njia zote zina wanafunzi. Ongea na watoto. "Shikamoo" yao iitikie vizuri, kisha waambie wasikimbie, wasimame wanyooshe mikono chini, wasimtazame mbwa machoni. Mtoto anayejua jina la mbwa hamtupii jiwe. Nimeona mtaa mzima ukibadilika kwa sababu tu mwenye mbwa alikuwa anasimama kila siku kuzungumza na watoto wa kwenye kisima.

Bodaboda ni habari nyingine: hapo kamba fupi na kumkalisha kabla pikipiki haijafika. Hakuna njia ya mkato.

Mbwa wazururaji wanawazunguka

Wapo sokoni, jalalani na mwaloni. Usikimbie, usimnyanyue mbwa wako mkubwa, usipige kelele. Simama, mweke nyuma yako, inama kama unayeokota jiwe. Mbwa wa Tanzania wanaujua mwendo huo na wengi hurudi nyuma bila jiwe lenyewe kurushwa. Kisha ondokeni polepole, ukiwatazama kwa pembeni.

Kama madume yanawafuata kila siku kwa karibu wiki 3, jike lako liko kwenye joto. Libaki nyumbani muda huo. Na dume linalokatika kamba, halili, linalia usiku, pengine kuna jike mtaani. Kuhasi kunapunguza sana uzururaji wa aina hiyo, na daktari wa mifugo hufanya.

Anachechemea

Kaa naye chini penye mwanga, inua mguu mmoja mmoja, fungua vidole. Usianze na ule anaouchechemea. Anza na mzima ili akuamini.

Kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni funza. Wanapenda mchanga na vumbi kavu, kwa hiyo kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba, ndio wakati wao. Utaona kidonge cheupe chenye nukta nyeusi katikati, kwenye nyayo au pembeni mwa kucha, na mbwa anajilamba hapo bila kuacha. Hutolewa kwa pini iliyochemshwa na mtu mwenye mkono mtulivu, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na kupakwa iodini. Wakiwa wengi usifanye mwenyewe. Usimtumbukize miguu kwenye mafuta ya taa, yanaunguza ngozi na atayalamba. Na ukikuta funza kwa mbwa, tazama miguu ya watoto wa nyumba hiyo hiyo leo leo, pamoja na sakafu ya banda: inyunyizie maji, ifagie, mwaga dawa ya wadudu. Ukimtibu mbwa ukaacha banda, wiki ijayo mko pale pale.

Vingine ni vya kawaida: kioo, mwiba, kupe katikati ya vidole, ukucha uliopinda kwa mbwa asiyetembea vya kutosha. Nyayo zilizochubuka zote nne kwa pamoja ni za kuungua.

Nyayo zikiwasha bila funza, zikiwa nyekundu, na ufizi umepauka na choo cheusi, waza minyoo ya safura. Mabuu yake hukaa kwenye mchanga uliochafuliwa na kinyesi cha mbwa na kuingia kupitia ngozi, na ngozi ya mtoto anayecheza ufukweni huchorwa na mabuu hayo mistari inayowasha inayotambaa. Ndiyo sababu nasisitiza mfuko wa kuokotea kinyesi hata kama hakuna anayekuona. Dawa ya minyoo mpe kila baada ya miezi 3.

Dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki, ibuprofeni, panado, usimpe. Zinaharibu figo, tumbo na ini lake, na mbwa wengi wanaouawa hivyo wanauawa na watu waliowapenda.

Anahema kupita kiasi

Ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zetu zina ubaridi, kwa hiyo watu wanalidharau jua. Saa 3 asubuhi mchanga umeshabadilika. Weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde 5 hivi. Usipoweza kuvumilia, naye hawezi. Mbwa hatoi jasho mwilini, anajipooza kwa kuhema, na wenye manyoya mazito au pua fupi hushindwa mapema.

Ulimi ukiwa mwekundu sana, udenda mzito, akianza kuyumba au kutapika, simama kivulini. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, makwapani na kwenye mapaja, mpepee. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha, linazuia joto kutoka. Mpe maji anywe kidogo kidogo bila kumlazimisha. Joto likipita nyuzi 41 viungo vya ndani vinaharibika, kwa hiyo hata akisimama, apelekwe akaangaliwe.

Anakimbilia majini

Ziwa Tanganyika linashuka haraka, kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470, na kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi. Mbwa anayejua kuogelea anaweza kushindwa kutoka. Kamba ndefu, penye ufukwe unaoteremka taratibu, mchana kweupe. Penye matete na karibu na mdomo wa mto, kama Luiche kusini mwa Ujiji, usimwache kabisa: mamba na viboko hupenda sehemu hizo, na mbwa majini ni chambo. Waulize wavuvi wa hapo, wao ndio wenye habari za wiki hii. Kwenye miamba mzuie kuingiza pua mapangoni. Swila wa majini wa ziwa hili hula samaki na hana shida na mtu, lakini akibanwa atajitetea.

Amebadilika tabia ghafla

Hapa usitafute chanzo mwenyewe. Mbwa mpole ameanza kung'ata vitu hovyo, au mkali amekuwa mpole kupita kiasi; sauti imebadilika, taya limelegea, udenda unatiririka, anatangatanga bila kuelekea popote. Wengi hudhani ana mfupa kooni, wakaingiza mkono. Usiingize mkono. Mfungie peke yake bila kumgusa, mwite afisa mifugo wa kata au nenda ofisi ya mifugo ya manispaa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Chanjo ndiyo inayokinga: mbwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Watoto wa mbwa wana chanjo nyingine za mapema dhidi ya magonjwa kama distempa, ule uliopita Serengeti mwaka 1994 na kuua karibu theluthi ya simba.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, hata na mbwa anayeonekana mzima, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hapo hapo, kabla ya safari yoyote. Hakuna kupaka majani, mafuta wala kufunga kwa kubana. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kama anaweza kufungiwa salama: akikaa siku 10 akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni siku ile aliyong'ata, na daktari ataamua kuhusu dozi zilizobaki. Chanjo ya mtu haisubiri siku hizo 10 zipite. Ukifika hospitali utaulizwa saa ya tukio, mbwa ni wa nani, alichanjwa lini, na sasa yuko wapi. Picha ya kadi ya chanjo kwenye simu yako inajibu nusu ya maswali hayo kabla hujakaa.